Mvua ya Wenzetu

Shuleni, 20 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametukataza kuanza barua kwa maneno "dhumuni kubwa la barua hii ni kutaka kujua hali yako." Anasema ukitaka kujua hali ya mtu, muulize. Basi nakuuliza: hujambo? Goti linaendeleaje? Paa la jikoni limezibwa, au bado unapika huku unahama na sufuria?

Namsalimu na Fundi pia, maana najua ndiye anayekusomea haya mguu ukiwa juu ya cherehani. Fundi, tafadhali usiruke sehemu.

Bibi, mwalimu wa historia ametupa kazi. Kila mmoja aandike historia ya mahali alipozaliwa. Wenzangu wanaandika habari za reli na viwanda. Mimi nimechagua mafuriko ya kwetu. Mwalimu alicheka kidogo, akauliza, "Maji nayo yana historia?" Nikamjibu kwamba yanayo, ila hakuna aliyeiandika. Nilikuwa na ujasiri mwingi kuliko elimu, kwa sababu nilipokaa na karatasi niligundua kwamba sijui kitu. Maktaba ina kitabu kimoja tu kinachotutaja, nacho kinasema sisi ni "eneo kavu la chini ya mlima, lenye mvua haba." Si uongo. Mvua kwetu ni haba. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Dirisha la bweni letu linatazama mto. Hapa juu ni kijito tu, tunafulia soksi. Nilikifuata kwenye ramani kwa kidole: kinakutana na wenzake, wanashuka pamoja, wote wanaishia kwenye korongo letu. Bibi, maji ninayofulia soksi asubuhi ndiyo yanayopita nyuma ya jiko lako jioni. Sijui kwa nini jambo hilo lilinikosesha raha siku nzima.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, nisimulie mafuriko yote unayoyakumbuka. La pili, hamia kwa shangazi kule kilimani kabla mvua hazijaanza. Ukilikubali la pili tu nitashukuru, hata nikipata sifuri ya historia.

Mjukuu wako akupendaye,
Kalamu


Nyumbani, 27 Februari

Kwa mpendwa mjukuu wangu Kalamu,

Dhumuni kubwa la barua hii ni kutaka kujua hali yako. (Bibi anasema nifute mstari huo kwa kuwa mwalimu wako kaukataza, lakini nimeshauandika kwa wino. Mwalimu atusamehe. Kuanzia hapa ni maneno ya Bibi, mimi ni mkono tu. Fundi.)

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, halijaenda popote, na mimi siendi popote. Hapo nimejibu maombi yako yote mawili kwa mpigo.

Sikiliza. Sisi hatusemi mafuriko ya mwaka fulani. Miaka ni ya wenye kalenda. Furiko la kwetu lina jina, kama mtu, na jina linatolewa na waliobaki, maji yakishakauka na watu wakianza kupata sauti.

Nikiwa mdogo kulikuwa na Furiko la Kengele. Maji yaliingia shuleni asubuhi, yakaing'oa kengele na mti wake, yakaibiringisha kwenye mawe, nayo ikawa inalia njia nzima. Watoto tukadhani tunaitwa darasani. Tukatoka mbio kuelekea kule kule. Tuliorudi ni sisi tuliochelewa kuvaa. Hilo uliandike, lakini usiliandike kwa madoido.

Baadaye likaja Furiko la Bwana Arusi. Yeye na ndugu zake walibaki ng'ambo ya korongo wamevaa vizuri, bibi arusi na chakula chote upande huu. Chakula hakingengoja, tukakila. Alipovuka hatimaye akakuta sufuria zinasuguliwa. Mpaka leo ukimuuliza kuhusu ndoa yake anasema, "Ilianza na njaa."

Na Furiko la Nguo. Siku hiyo jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la dawa. Tulikuwa tumeanika nguo kwenye mawe ya korongo. Tukasikia kama malori yanakuja. Tulikimbia, nguo zikabaki. Wiki iliyofuata sokoni, Bi Kicheko, jirani yangu huyu, akakutana na gauni lake limevaliwa na mama mmoja wa huko chini. Akasimama mbele yake, akaliambia, "Gauni, hujambo? Umehamia lini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo alipoitwa Bi Kicheko. Jina lake la kwanza hata yeye haliitikii tena.

Umeona basi? Furiko la kwetu halinyeshi kwetu. Ni mvua ya wenzetu. Inanyesha kwao, kwetu inapita tu, na ikipita haibishi hodi.

Kuhusu kuhamia kwa shangazi yako: ni mwanangu, nampenda. Lakini nyumba ni ya mkwe. Unataka nikae kwa mkwe wangu nikohoe kwa adabu? Viti vyao vina vitambaa, ukikaa unajiona umekosea. Na shamba je? Maji hayo hayo unayoyaogopa ndiyo yaliyonishushia udongo mweusi pale ukingoni. Kule kilimani kwa shangazi hata magugu yanaota kwa kujilazimisha.

Mama yako ametuma salamu kutoka mjini, yuko salama, kazi nyingi. Bi Kicheko anakusalimu. Anasema ule vizuri, usije ukarudi mwembamba kama mstari wa daftari.

Bibi yako
(kwa mkono wa Fundi, ambaye anakusalimu kivyake na anaomba ukirudi ulete vifungo vyeusi, huku vimeadimika)


Shuleni, 8 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya darasa. Mwalimu wa historia hakucheka tena, akasema niendelee kukusanya majina. Mwambie Bi Kicheko gauni lake sasa linajulikana mpaka mlimani.

Lakini Bibi, umenipa historia kisha umekataa kuisoma wewe mwenyewe. Katika masimulizi yako yote jua linawaka. Hakuna hata furiko moja mliloliona mbinguni kwanza. Walioliona ni sisi wa huku juu, nasi hatukuwa tunajua kwamba tunaona kitu.

Mawingu yameanza kukaa mlimani. Hayashuki, hayaondoki, yamekaa tu kama wageni wanaosubiri chakula. Kwa hiyo nimefikiri hivi. Kama hutaki kuhama sasa, niahidi jambo moja dogo. Mvua kubwa ikianza huku nitatafuta njia ya kukuletea neno. Neno lenyewe litakuwa PANDA. Ukilipata, usibishane na mtu, usitafute kandambili, panda kwa shangazi siku hiyo hiyo, ukohoe kwa adabu siku mbili tatu, kisha urudi. Mkwe atavumilia. Bi Kicheko naye apande pamoja nawe, atawachekesha.

Nijibu upesi kwamba umekubali.

Mjukuu wako,
Kalamu


Nyumbani, 9 Machi

Kwa mpendwa Kalamu,

Marahaba kabla hujasalimu. Sijangoja barua yako, nimemfuata Fundi kwa sababu nina shida na mlimani.

Mimi na Bi Kicheko tumeshalima kipande chote cha ukingoni, udongo umekaa kama unga. Mbegu zimechambuliwa, ziko kwenye kitambaa juu ya dari. Kilichobaki ni mvua. Mwaka jana, unakumbuka, tulichelewa, tukaja kuzitupa mbegu juani, ndege wakala wakatushukuru. Mwaka huu Bi Kicheko ana wazo. Anasema, "Si tuna mtu mlimani? Kwa nini tunatazama mbingu kama kuku wanaokunywa maji, na mtoto wetu yuko juu huko anaiona mvua ikivaa viatu?"

Basi, mwanangu, ikianza tu huko, hata kama ni usiku wa maandalizi ya mtihani, tuletee neno tupande. Siku mbili tatu kabla ya wenzetu zinatutosha kabisa.

(Nimemwambia Bibi mvua ya mlimani na mvua ya kwetu si mvua moja. Kaniambia nishone. Fundi.)

Bi Kicheko anakusalimu. Anasema mahindi mabichi ya kwanza ni yako, na asiyependa ajinyonge.

Bibi yako


TELEGRAMU
11 Machi, asubuhi

MVUA KUBWA HUKU PANDA
KALAMU


Shuleni, 12 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui barua hii itaondoka lini. Gari la posta limekwama matopeni chini ya daraja tangu jana, pamoja na barua yangu ya tarehe nane. Wanasema mfuko wa barua za kupanda na mfuko wa barua za kushuka yote imo ndani yake. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika natazama dirishani.

Mvua ilianza jana alfajiri. Si mvua ya matone, Bibi. Ni kama mtu amepasua kitu. Kijito chetu cha soksi kimebeba jiwe la kufulia, kimebeba na mti uliokuwa nyuma ya jiko la shule. Rangi yake imekuwa ya chai. Kila kinachopita chini ya dirisha langu nakitazama nikijua kinakwenda kwako, na siwezi kukishika. Wenzangu wanafurahi hakuna mazoezi ya kukimbia. Nimejaribu kufurahi nao.

Simu ya shule imekufa, nguzo zimeanguka. Mwalimu mkuu alituita sisi wachache tunaotoka chini, akasema dereva atajaribu kufika posta, wao bado wana mtambo wao unaofanya kazi. Kila msichana maneno manne. Mwenzangu wa kijiji kingine aliandika MAJI MAKUBWA YANAKUJA KIMBIENI. Mimi nami nililiandika neno hilo, kimbia, kisha nikalifuta. Nikaona nitakutisha. Halafu goti lile, Bibi, ningekuambiaje ukimbie? Nikachagua neno letu. Hata kama barua yangu ya tarehe nane haijakufikia, nadhani litajieleza lenyewe. Mwalimu wa Kiswahili alilisoma begani kwangu akasema ni zuri, fupi, halina hofu ndani yake.

Dereva alirudi amelowa, akasema, "Limekwenda." Nilimbusu mkono, akashangaa.

Sasa jua limeanza kutoka kidogo huku. Yaani maji yameshafika kwenu. Yaani sasa hivi, ninapoandika "sasa hivi," jambo limeshakwisha kuwa vyovyote lilivyokuwa, na mimi bado nasubiri litokee.

Nakuona umekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Nakuona umenuna. Nuna tu, Bibi. Nuna sana.

Kalamu


Nyumbani, 19 Machi

Kwa Kalamu,

Bibi ni mzima. Naanza na hilo ili usisome upesi.

Maji yalifika tarehe kumi na moja, mchana, jua likiwaka. Nyumba yenu imekwenda, na jiko, na ukingo wote wa shamba. Bibi alivunjika mkono, umefungwa, yuko kwa shangazi yako na anapata uji. Telegramu yako ilichelewa. Ilifika maji yakiwa yameshapita. Kwa hiyo usiwe na wazo lolote baya, ulifanya ulichoweza.

Bibi anasema usome kwa bidii. Hakusema mengine, anachoka upesi. Duka langu limepona, liko juu kidogo.

Fundi


Shuleni, 27 Machi

Bibi yangu mpendwa, na Fundi,

Shikamooni. Nililia kwa furaha mbele ya kiranja, akaniandikia adhabu ya kelele, kisha akaifuta. Uko hai! Nyumba ni udongo na fito. Nitakujengea nyingine kilimani, na viti visivyo na vitambaa.

Gari la posta limeopolewa. Wameniletea barua yako ya tarehe tisa, lakini mfuko ulikuwa umelala majini na wino umesambaa karatasi nzima. Nimeianika juu ya kitabu cha jiografia. Ninachoweza kusoma ni "Bi Kicheko", na "mbegu", na chini kabisa "ajinyonge", ambalo limenitia wasiwasi. Ulikuwa unasema nini?

Sasa nina jambo la kukasirikia, na nimekasirika kweli. Telegramu iliondoka huku asubuhi. Inakuwaje ifike maji yameshapita? Karani wa posta ya kwetu alikuwa wapi? Alikuwa anakunywa chai? Nimemweleza mwalimu mkuu, naye amekubali kuandika barua kwa wakubwa wa posta ili karani huyo achunguzwe, ikibidi aondolewe. Mwalimu wa historia anasema jambo hilo liingie pia kwenye insha yangu: neno liliondoka kwa wakati, mtu mmoja mzembe akalichelewesha. Anasema historia ni pamoja na kutaja waliokosea.

Naomba mnisaidie mambo mawili ili niimalize. Furiko hili limepewa jina gani? Na lingine si la insha. Katika barua ya Fundi hamna salamu za Bi Kicheko. Nimeigeuza karatasi mara nyingi. Yeye hajawahi kukosa. Amekasirika na mimi?

Mjukuu wenu,
Kalamu


Nyumbani, 3 Aprili

Kalamu mwanangu,

Hii naandika mimi, si mkono wa Bibi. Hajui kama naandika. Akijua atanipiga kwa mkono mzima uliobaki.

Mwambie mwalimu mkuu asitume barua ile. Kama ameshaituma, aandike nyingine mbio. Karani wa posta ni kijana mwenye mtoto mchanga, na siku ile alikuja dukani kwangu akikimbia, shati limemganda mgongoni, telegramu mkononi, kabla wino haujakauka. Haikuchelewa, mwanangu. Ilifika mapema sana. Mimi ndiye niliyesema ilichelewa, nikidhani uongo huo hauna mwenyewe. Kumbe kila uongo unamwangukia mtu.

Bibi yako na Bi Kicheko walikuwa wamekaa kwenye benchi langu wakigombania kivuli. Nikasoma kwa sauti: Mvua kubwa huku, panda. Bibi yako akapiga makofi. Akasema, "Amekumbuka! Mnaona? Yuko na vitabu vyote vile na mbegu zangu hajazisahau!" Kwa maana katika barua ile iliyolowa alikuwa amekuomba hivyo, uwaambie mvua ikianza, wapande mahindi. Hawakujua kwamba hujaipata. Bi Kicheko akamwambia karani, "Mpe mtoto huyu maji anywe, ametuletea mavuno." Akacheka kicheko kile. Watu wa ng'ambo ya barabara walicheka bila kujua wanacheka nini.

Wakaenda kuchukua mbegu. Wakashuka.

Nilikuwa napima koti la mtu. Jua lilikuwa linawaka, Kalamu, chaki ilikuwa inanitelezea vidoleni kwa jasho. Sauti ilipokuja nilidhani ni malori. Hata mimi, niliyeandika kwa mkono wangu habari ya malori.

Bibi alikuwa amerudi juu kidogo kukaa, goti lilimuuma. Ndivyo maji yalivyomkuta pembeni, yakamtupa kwenye mawe badala ya kumchukua. Bi Kicheko alikuwa kwenye mistari ya chini. Hajaonekana. Tumetafuta mpaka kwa wale wa chini kabisa, wale wa gauni.

Barua yako ya tarehe nane nayo imefika, imelowa, lakini neno lile uliliandika kwa herufi kubwa na limebaki. Nililielewa basi. Nimeificha chini ya cherehani.

Uliuliza jina. Watu wanaliita Furiko la Telegramu. Wanaliita bila ubaya, ni kawaida yao kushika kilichokuwepo. Lakini ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia njiani.

Neno lako lilikuwa na milango miwili. Nami msomaji nikafungua ule ambao wazee wangu walikuwa wameketi mbele yake wakisubiri. Ningetua kidogo tu. Ningesema, "Panda nini?" Sikuuliza.

Fundi


Shuleni, 10 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Fundi ameniambia. Usimgombeze. Barua ya posta haikutumwa, mwalimu mkuu aliichana mbele yangu.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Naijua njia ya kuandika barua nzuri, nimefundishwa: aya, salamu, hoja, hitimisho. Hakuna aliyenifundisha hii.

Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi. Yamo humo, Bibi, maneno mawili. Panda, kwenda juu. Panda, kutia mbegu ardhini. Yamepangwa jirani, moja chini ya lingine, kama wewe na Bi Kicheko kwenye benchi. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote pande zote mbili na sikuwahi kuona kwamba ni moja. Ningeandika kimbia. Nililiandika kwanza, nikalifuta. Nililifuta kwa ajili ya goti lako, na goti lako ndilo lililokuokoa, na mimi sijui niliweke wapi jambo hilo.

Mwenzangu aliyeandika KIMBIENI, watu wake wote wako hai. Ananiletea chai.

Maji yamepungua. Yamerudi kuwa ya soksi. Wasichana wanafua, wanaimba. Mimi siwezi kutia mkono.

Insha sijaimaliza. Mwalimu wa historia anasema naweza kuchagua mada nyingine, reli kwa mfano. Sijui kama nataka. Kama naweza kurudi nyumbani niambie. Kama watu hawataki kuniona, niambie pia, nitaelewa. Sijui la kukuomba. Naomba uniambie chochote.

Kalamu


Nyumbani kwa shangazi yako, 24 Aprili

Kalamu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

(Ni maneno ya Bibi. Amenigombeza siku nzima, sasa amenituma. Fundi.)

Nilitaka kukuficha. Nilifikiri uongo unaweza kufungwa kama mkono, ukapona wenyewe. Fundi kafanya vizuri, lakini sitamwambia. (Nimeandika nilivyosikia.)

Sitakuambia hukukosea neno, wewe ni msomi, utajua nakubembeleza. Sitakuambia ulikosea pia. Nilikaa chini ya mlima huu maisha yangu yote, na mafuriko yote yale, na hakuna hata mtu mmoja huko juu aliyewahi kutazama maji yakipita akasema, haya yanakwenda kwa fulani. Kengele haikutujua. Wewe ulitutazama. Ulitutumia neno, likapotea njia. Ninayo yote mawili kifuani, na moja halilifuti lingine. Nawe utakuwa nayo, na mimi siwezi kukutolea, laiti ningeweza.

Namlilia Bi Kicheko kila siku mkwe akienda kazini, kwa sababu mbele yake sijui kulia kwa adabu. Asubuhi nageuka kumwambia jambo. Juzi mkwe alikalia kitambaa chake mwenyewe akateleza akaanguka, nikageuka, hakuna wa kucheka naye. Hapo ndipo nilipojua kwamba hayupo.

Watu wa chini, wale wa gauni, walituma mtu. Anasema kwao, kwenye matope yaliyoachwa na maji, mahindi yameota. Hayakupandwa na mtu yeyote. Yamefuata njia ya maji, yamepinda, yamejaa hata mlangoni mwa nyumba ya ibada. Wakauliza kama wayang'oe au ni ya watu. Nikawaambia wayaache. Ni mbegu zetu, Bi Kicheko alikuwa amezifunga kiunoni.

Nilikwenda mpaka barabarani kwa fimbo, watu wakiwa wamekaa kwa Fundi. Nikawaambia jina la furiko hutolewa na waliobaki, nami nimebaki. Lile jina lenu si jina, ni kidole. Linaitwa Furiko la Bi Kicheko. Baadhi wanaliita hivyo sasa. Wengine bado. Siwezi kukimbizana na kila mdomo. Lakini insha ni yako, na kwenye insha liite hivyo. Usiandike habari za reli. Reli itaandikwa na wenye reli. Wewe andika, na pale kwenye telegramu andika ilivyokuwa, usiifiche, ili mtoto mwingine wa mlimani siku yake ikifika atumie maneno yote manne vizuri.

Likizo njoo. Atakayekutazama vibaya atanitazama mimi kwanza.

Na ukiniletea neno tena, mwanangu, leta mengi.

Nimepanda, Kalamu. Niko kilimani, nakaa kwenye kiti chenye kitambaa. Na juzi nimepanda, mistari mifupi nyuma ya jiko la shangazi yako, kwa mkono mmoja, kwenye udongo huu mbaya. Sijui kama itaota. Nainama kila asubuhi natazama.

(Hapa ndipo Bi Kicheko husalimia. Nilisubiri na kalamu juu ya karatasi. Kisha Bibi akaniambia niache nafasi.)



Bibi yako